Uuguzi si kazi moja: Uliza idara kabla ya kubofya kozi

KILA mara KUCCPS inapofungua tovuti yake ili watahiniwa wa KCSE wachague kozi, kuna mazungumzo yanayorudiwa katika nyumba nyingi nchini. “Udaktari umekataa? Basi weka uuguzi.” Mzazi anaitikia kwa kichwa, binamu aliye chuoni anasema hapo ni sawa, nawe unabofya. Ndani ya dakika mbili umechagua kazi ambayo huenda ukaifanya hadi ustaafu, na hakuna aliyekuuliza swali moja la maana: uuguzi upi?

Swali hilo huwashangaza wengi kwa sababu mtaani nesi ni nesi. Katika hospitali zetu mwanamume aliyevaa sare ya uuguzi huitwa “daktari” na daktari wa kike huitwa “sista”. Mgonjwa haoni tofauti, wala si kosa lake. Yeye anataka kupona arudi nyumbani. Lakini wewe unayetaka kuingia kwenye kazi hiyo huna budi kujua kwamba nyuma ya neno hilo moja kuna idara nzimanzima, zenye walimu wao, mitihani yao, mashine zao na hata tabia ya watu wanaozifaa.

Msimamo wetu ni huu. Kijana anayechagua uuguzi anafaa kuzijua idara hizo kabla ya kuingia chuoni, wala si baada ya kuhitimu. Na kaunti zinazomwajiri zinafaa kumtumia katika kile alichosomea. Hivi sasa yote mawili hayafanyiki inavyostahili, na anayeumia ni mgonjwa.

Tuanze na chuo chenyewe. Shahada ya uuguzi huchukua miaka minne darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa intanshipu. Diploma, inayotolewa zaidi na KMTC yenye zaidi ya matawi 70 nchini, huchukua muda mfupi kuliko huo. Njia zote mbili huishia mahali pamoja: mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Bila leseni ya baraza hilo huruhusiwi kumdunga mtu sindano, hata kama una gauni la mahafali na picha kumi kwenye Facebook.

Mwaka wa kwanza wote hula sahani moja. Utasoma muundo wa mwili, jinsi viungo vinavyofanya kazi, vijidudu, dawa na namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza wala kujivunja mgongo. Hapo ndipo wengi huamini kwamba hii ndiyo kozi yote. Kumbe hilo ni lango tu. Ukishalipita, shule ya uuguzi inajigawa. Majina hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, na vyuo vingine huunganisha idara mbili kuwa moja, ila mgawanyo wenyewe ni uleule kwa jumla.

Kuna idara ya uuguzi wa tiba na upasuaji. Hii ndiyo pana kuliko zote, na ndiyo inayozaa wauguzi wa wagonjwa mahututi, wa thieta, wa figo, wa saratani na wa dharura. Usidhani kwamba hao wote wanafanya kazi moja katika vyumba tofauti. Muuguzi wa thieta huhesabu vitambaa, sindano na makasi kabla ya mgonjwa kupasuliwa, kisha anahesabu tena kabla ya tumbo kushonwa. Hesabu isipolingana, daktari hashoni, hata awe profesa. Muuguzi wa figo hukaa na mgonjwa yuleyule saa nne hivi kwenye mashine ya kusafisha damu, akiangalia presha isishuke ghafla, kisha hukutana naye tena siku chache baadaye, mwezi baada ya mwezi. Wa kwanza anahitaji macho makali na ujasiri wa kumwambia mkubwa wake “subiri”. Wa pili anahitaji subira na moyo wa kuzoeana na mtu ambaye huenda asipone kabisa. Je, wewe ni yupi?

Kuna idara ya ukunga na afya ya uzazi. Hapa utasomea zaidi ya kumpokea mtoto. Utajifunza kusoma hatari kabla haijafika: presha inayopanda mimba ikiwa na miezi saba, damu isiyokoma baada ya kondo kutoka, mtoto aliyekaa vibaya. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba tulikuwa tukipoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Nyuma ya nambari hiyo kuna saa moja au mbili ambapo mtu mwenye ujuzi angeweza kufanya jambo. Mtu huyo mara nyingi ni mkunga, usiku wa manane, daktari akiwa bado njiani.

Kuna uuguzi wa watoto, na ndani yake tawi la watoto wachanga. Hebu tazama takwimu za Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022. Uzazi 89 kati ya kila 100 ulisimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi. Hiyo ni habari njema, na nchi imetoka mbali. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 21 kati yao hufa ndani ya mwezi wa kwanza. Yaani zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba tumefanikiwa kumfikisha mama hospitalini, ila bado tunampoteza mtoto akiwa mikononi mwetu au punde tu baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kilo moja na nusu, hahitaji inkubeta peke yake. Anahitaji mtu anayejua kumlisha kwa mrija bila kumpalia, kumpa joto kwa kumlaza kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na kutambua kwa rangi ya midomo kwamba ameanza kuchoka kupumua. Ujuzi huo hauokotwi tu wodini. Kuna watu wanaousomea.

Kuna idara ya afya ya jamii. Vijana wengi huidharau kwa sababu haina mashine zenye taa wala makoti ya kijani kama ya kwenye filamu. Makosa makubwa. Muuguzi wa afya ya jamii ndiye anayejua kwamba kipindupindu hakianzii hospitalini bali kisimani. Anafuatilia chanjo za watoto, mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa katikati, na msichana wa darasa la nane aliyetoweka shuleni. Tangu 2023 serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba, kazi hii imezidi kuwa nzito, kwa maana wahudumu hao wanahitaji mtu wa kuwaelekeza na kupokea taarifa zao.

Ukitaka kujua idara hii inaweza kumfikisha mtu wapi, mtazame Anna Qabale Duba wa Marsabit. Ni muuguzi wa hospitali ya rufaa ya kaunti. Mnamo Mei 2022 alishinda tuzo ya kimataifa ya uuguzi ya Aster Guardians, ya dola 250,000 za Marekani, mbele ya wauguzi kutoka kila pembe ya dunia. Hakushinda kwa mashine ya bei ghali. Alitambuliwa kwa kupinga ukeketaji na ndoa za mapema, na kwa kuanzisha shule kijijini kwao ambako watoto husoma mchana na watu wazima jioni. Alijua kwamba ugonjwa wa wodini una mizizi manyattani, akaenda kuing’oa hukohuko.

Kuna idara ya afya ya akili. Ukitaja Mathari, watu bado hucheka. Lakini jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipotoa ripoti yake 2020, lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Nawe unayesoma haya huenda unamjua mtu wa rika lako aliyejitoa uhai, au aliyekaribia. Muuguzi wa afya ya akili ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko daktari yeyote. Huangalia kama amekula, kama amelala, kama amemeza dawa au ameificha chini ya ulimi. Kazi yake kubwa ni kusikiliza, na kusikiliza kwa namna hiyo hufunzwa.

Mwisho kuna idara ambayo wanafunzi huiona kama adhabu: elimu, uongozi na utafiti. “Mimi nilikuja kutibu watu, si kuandika ripoti,” wanasema. Sawa. Lakini kumbuka kwamba Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, hakubadilisha hospitali kwa taa pekee. Alihesabu waliokufa katika Vita vya Crimea, akachora michoro, akaonyesha kwamba uchafu na magonjwa vilikuwa vikiua wanajeshi wengi kuliko risasi. Mwaka wa 1860 alianzisha shule London katika Hospitali ya St Thomas’. Muuguzi asiyeweza kuhesabu na kuandika anachokiona atabaki kulalamika koridoni, huku wengine wakipitisha bajeti.

Juu ya msingi huo ndipo utaalamu wenyewe hujengwa. Mwenye diploma anaweza kurudi kusoma diploma ya juu ya uuguzi wa figo, wa thieta, wa macho, wa watoto, wa afya ya akili au wa wagonjwa mahututi. Mwenye shahada anaweza kuendelea na uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kina uzamili wa uuguzi wenye matawi kadhaa. Hospitali ya AIC Kijabe imekuwa ikiwafunza wauguzi kutoa dawa ya usingizi, kazi ambayo wengi wetu hudhani hufanywa na madaktari pekee. Na tangu Nairobi Hospice ianze kuhudumu mwaka wa 1990, kumekuwa na wauguzi ambao kazi yao ni kumpunguzia maumivu mtu ambaye hatapona, ili afe akiwa na heshima yake, familia ikiwa kando.

Sasa tuje kwenye kidonda.

Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilianza kusambaza vifaa vya kisasa vya matibabu katika kaunti zote 47: mashine za kusafisha damu, vifaa vya thieta, vya wagonjwa mahututi na vya kupiga picha za mwili. Mkataba wa mwanzo ulikuwa wa mabilioni ya pesa kwa miaka saba. Kamati maalumu ya Seneti ilipochunguza mradi huo na kutoa ripoti 2020, moja ya mambo iliyoyakuta ni kwamba baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa tu. Mahali pengine hapakuwa na umeme wa kutosha au maji. Mahali pengine hapakuwa na mtu aliyefunzwa kuvitumia. Kaunti ilikuwa ikilipia mashine, na mgonjwa bado akipanda basi kwenda Nairobi au Eldoret.

Ndipo corona ikaingia Machi 2020. Ghafla kila mtu, hadi mwendeshaji boda, alikuwa akizungumzia vitanda vya ICU na ventileta. Magavana walipigwa picha wakifungua wodi mpya. Ni wachache waliouliza nani atakesha kando ya ventileta hiyo. Mgonjwa mahututi anahitaji muuguzi wake mwenyewe, mmoja kwa mmoja au karibu na hapo, saa 24, kwa zamu. Kitanda kimoja basi hakihitaji muuguzi mmoja. Kinahitaji kikosi. Ventileta ikilia usiku, kuna sababu nyingi zinazoweza kuifanya ilie, na kuna dakika chache za kujua ni ipi. Hilo ni somo la mwaka mzima. Hulipati kwa semina ya siku mbili hotelini.

Kuna kisa kingine kinachojulikana vizuri na wauguzi, ingawa hakifiki kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Muuguzi anaomba likizo ya masomo. Anasubiri. Akipewa, anajilipia karo au anachukua mkopo wa sacco, anasoma mwaka mzima mbali na watoto wake, anafaulu. Anarudi na cheti cha uuguzi wa figo. Wiki inayofuata orodha ya zamu inabandikwa ukutani na jina lake liko kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje, akipima presha na uzito. Akiuliza, anaambiwa kuna upungufu wa watu. Akiangalia hati ya mshahara, ni ileile. Baada ya mwaka mmoja au miwili anaanza kutafuta kazi nje ya nchi, nasi tunamwita msaliti.

Hapa lazima tuwe wa haki kwa wanaosimamia hospitali. Wana hoja, na ni hoja nzito. Wanasema: nchi yenye upungufu wa wauguzi haiwezi kumfungia mtu katika chumba kimoja. Zahanati ya Turkana au Tana River yenye muuguzi mmoja haiwezi kuwa na wa figo, wa macho na wa akili. Inahitaji mtu wa kuzalisha asubuhi, kushona kidonda mchana na kutoa chanjo jioni. Kwa nini basi tuwajaze vijana ndoto za ubobezi?

Hoja hiyo ina ukweli, ndiyo maana tunaunga mkono mfumo wa Kenya wa kumfunza kila muuguzi misingi yote kwanza. Hatutaki kijana wa miaka 19 aingie chuoni moja kwa moja kusomea figo pekee, kisha akipelekwa Lodwar ashindwe kumsaidia mama anayejifungua. Msingi mpana ni lazima. Ila upungufu ndiyo sababu hasa ya kutochezea utaalamu uliopo. Ukiwa na chumvi kidogo huimwagi ovyo. Kaunti yenye wauguzi watatu tu wa wagonjwa mahututi haiwezi kumudu kumweka mmoja wao kwenye dirisha la kadi. Na yule aliye peke yake zahanatini naye ana utaalamu: ni mtaalamu wa afya ya jamii, na anafaa kutambuliwa hivyo, badala ya kuonekana mtu aliyekosa nafasi mjini.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2020 kuhusu uuguzi, lilikadiria kwamba dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 27.9 na pengo la milioni 5.9. Nchi tajiri zinajua kuziba pengo lao: zinakuja kuchukua wetu. Kenya ilitia saini mkataba wa wauguzi na Uingereza Julai 2021, na mkataba wa ajira na Ujerumani Septemba 2024. Hatusemi usiende. Una haki ya kutafuta riziki popote. Lakini jiulize ni nani huuziwa tiketi haraka. Ni yule mwenye uzoefu wa thieta, wa ICU, wa watoto wachanga. Wageni wanajua thamani ya idara zetu kuliko sisi wenyewe tunavyoijua.

Wauguzi walipogoma mwaka wa 2017 kwa takriban miezi mitano, hoja kuu ilikuwa mkataba wa pamoja wa malipo. Huo ulikuwa mjadala wa haki na bado haujaisha. Lakini kuna mjadala wa pili ambao haujapata sauti: muuguzi aliyebobea apewe cheo na marupurupu yanayolingana na elimu yake, na apangwe zamu mahali alikosomea. Hili halihitaji jengo jipya. Linahitaji kaunti kuwa na orodha moja tu: nani amesomea nini, na yuko wodi gani leo. Bunge la kaunti lako linaweza kuitisha orodha hiyo wiki ijayo. Iitishwe.

Vyuo navyo visijifiche nyuma yetu. Idara isiwe jina mlangoni. Chuo kinachojinadi kwamba kina idara ya afya ya akili kiwe na mhadhiri aliyefanya kazi hiyo, na kiwe na wodi ambako wanafunzi watakutana na wagonjwa halisi. Darasa la wanafunzi 120 wanaozunguka mwanasesere mmoja wa plastiki halitoi wauguzi, linatoa vyeti. Na serikali, kwa upande wake, iwapeleke wahitimu intanshipu kwa wakati. Kijana akikaa nyumbani miezi na miezi akisubiri barua, mikono yake inasahau.

Sasa turudi kwako wewe unayetaka kubofya. Usikubali kuharakishwa. Kabla ya kukiweka chuo chochote kwenye orodha yako, kuna maswali ambayo hayagharimu kitu ila bando kidogo na ujasiri wa kupiga simu.

Kwanza, je, kozi hiyo imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi? Usiulize kama chuo kina jina. Uliza kama kozi hiyo, katika bewa hilo, imeidhinishwa. Mwanafunzi asiyeorodheshwa na baraza hawezi kuufanya mtihani wake, na karo haitarudishwa na machozi.

Pili, mafunzo ya wodini hufanyika hospitali gani, na ni umbali gani kutoka chuoni? Hospitali ndiyo darasa lako la pili. Kama ni ndogo na haina kitengo cha watoto wachanga wala cha figo, utasoma mambo hayo kwenye slaidi.

Tatu, idara ni zipi, na kila moja ina wahadhiri wangapi wa kudumu? Chuo kizuri hakitakasirika ukiuliza. Kikikasirika, hilo nalo ni jibu.

Nne, ukihitimu, chuo hicho kina njia gani ya kuendelea? Kuna uzamili? Kuna diploma ya juu mahali karibu? Na unaweza kuisoma ukiwa kazini? Wauguzi wengi husoma huku wakifanya kazi, na ratiba ndiyo huamua nani anamaliza.

Kisha ujiulize mwenyewe swali la tano, ambalo hakuna tovuti itakayokujibu. Wewe ni mtu wa namna gani? Kuna anayechangamka mambo yanapoharibika: huyo dharura itamfaa. Kuna anayependa utulivu na utaratibu: thieta inamngoja. Kuna anayeweza kuketi na mtu anayelia bila kutafuta maneno ya kumnyamazisha: afya ya akili na huduma za wagonjwa wasiopona zinamhitaji sana. Kuna asiyeweza kukaa ndani siku nzima: aende kwenye jamii. Na kuna anayeuliza “kwa nini” hadi wenzake wanachoka: utafiti una kiti chake. Si lazima uamue leo. Lakini ingia mwaka wa kwanza ukiwa na macho wazi, ili ukizungushwa wodi kwa wodi ujue unatafuta nini, badala ya kuhesabu siku za kutoka.

Ewe kijana wa kiume, usidanganywe kwamba hii ni kazi ya wasichana. Nawe binti uliyepata alama za juu, usikubali kuambiwa kwamba umejishusha. Anayesema hivyo hajawahi kulazwa. Siku akilazwa, daktari atapita asubuhi kwa dakika tano, aandike kwenye faili, aende. Saa 23 na zaidi zilizobaki atakuwa mikononi mwa muuguzi. Wakati huo hatauliza kama muuguzi huyo alikosa udaktari. Atataka jambo moja tu: awe anajua anachofanya.

Kwa wazazi, tunaomba jambo dogo. Mtoto akisema anataka uuguzi, msimwambie “basi, si mbaya”. Mwulizeni ni uuguzi upi, na mketi naye mtafute jibu pamoja. Kwa magavana na mawaziri wa afya wa kaunti, jambo kubwa kidogo: kabla ya kukata utepe wa mashine nyingine, tuonyesheni kwanza majina ya wauguzi watakaoisimamia, na mtuhakikishie kwamba watakuwa katika chumba hicho mwaka ujao pia.